Pedi ya breki ya ndani imekwisha, ya nje bado nene: naweza kubadilisha mwenyewe nyumbani?

Swali la msomaji: Fundi, pole na kazi. Nina pikapu ya milango minne, ina diski mbele na dramu nyuma, na mara nyingi hubeba mzigo. Wiki tatu zilizopita breki ya mbele kushoto ilianza kutoa mlio mwembamba kama filimbi. Tangu juzi ni mkwaruzo wa chuma. Nilichungulia kwenye matundu ya rimu nikaona pedi bado nene, nikadhani ni mchanga tu. Jirani yangu alipotoa tairi tukakuta pedi ya ndani imekwisha kabisa, ya nje imebaki zaidi ya nusu. Anasema ninunue pedi za upande huo, nizipachike, kazi ya nusu saa. Nimeshawahi kubadilisha mafuta ya injini na plagi mwenyewe. Je, hii nayo naiweza? Na ni lazima kutoa upepo, yaani hewa iliyo kwenye mafuta ya breki?

Jibu: Unaiweza, ndugu yangu, na ningependa uifanye kwa mkono wako. Ila kuanzia sasa gari hilo lisisogee hapo lilipo mpaka kazi iishe. Ile filimbi ya mwanzo ilitoka kwenye kibati kidogo kilichofungwa kwenye pedi kwa makusudi, ili kiguse diski na kulia pale unene wa pedi unapobaki kama milimita 2 au 3. Lilikuwa onyo. Huu mkwaruzo wa sasa ni bamba la mgongo wa pedi likiisaga diski. Chuma kwa chuma hakishiki gari linavyopaswa kushikwa, na kadiri bamba na diski zinavyozidi kulika, pistoni inayosukuma pedi inasogea nje kupita ilivyopangiwa, hadi mafuta ya breki yaanze kuvuja. Hapo pedali inazama.

Jirani yako amekusaidia sana kutoa tairi na kutazama kwa ndani. Kwa mengine mawili simuungi mkono. Pedi hazibadilishwi upande mmoja, na ulichokikuta hakiponi kwa kupachika pedi mpya tu. Pedi mbili za gurudumu moja zinapaswa kulika karibu sawa. Moja ikiisha huku mwenzake ina nusu nzima, kuna kitu kimekwama. Ukiweka mpya bila kukitafuta, baada ya miezi michache utausikia mkwaruzo uleule, upande uleule.

Nikueleze jinsi kalipa yako, kile chuma kinachokumbatia diski na kuzibana pedi, inavyofanya kazi, maana ukilielewa hili kazi yote iliyobaki inajieleza. Pikapu nyingi zina kalipa ya kuteleza mbele. Pistoni ziko upande wa ndani tu, moja au mbili. Ukikanyaga breki, mafuta yanazisukuma, nazo zinaibana pedi ya ndani kwenye diski. Pedi ikishagota, nguvu inarudi nyuma na kuivuta kalipa nzima kuelekea ndani, nayo inakuja na pedi ya nje mpaka diski inabanwa pande zote mbili. Safari hiyo ya kalipa ni fupi mno, lakini ni lazima iwepo. Inateleza juu ya pini mbili zilizopakwa grisi na kuvikwa vimpira vya kuzuia vumbi. Kimpira kikichanika, maji na tope vinaingia, grisi inakauka, pini inashika kutu. Kalipa inagoma kuteleza. Pedi ya ndani inafanya kazi ya mbili, na ukiachia pedali haipati nafasi ya kuachana na diski vizuri. Ndicho kisa chako, kwa dalili ulizonipa.

Kwa hiyo usizitupe pedi za zamani. Zipange chini kama zilivyokuwa kwenye gari, ndani na nje, kushoto na kulia, uzisome. Pedi ya ndani ikiisha peke yake, tazama pini kwanza, halafu pistoni. Pedi iliyolika mshazari, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, inasema kwamba masikio yake yamekwama kwenye braketi, yaani fremu ya chuma inayobeba pedi, au pini moja imelegea. Pedi zote mbili za kushoto zikiisha wakati za kulia bado nzuri, shaka iende kwenye pistoni isiyorudi au kwenye mpira wa breki, ule unaoleta mafuta kwenye kalipa, uliooza kwa ndani. Mpira wa namna hiyo nje unaweza kuonekana mzima. Ndani umevimba, unapitisha mafuta ukikanyaga lakini hauyarudishi ukiachia. Kuupima si kazi ngumu: kanyaga breki, achia, kisha jaribu kuzungusha gurudumu lililoinuliwa. Likiwa limeshikwa, legeza kidogo nipeli ya kutolea upepo, ile skrubu ndogo yenye tundu kwenye kalipa. Likiachia papo hapo mafuta yanapotoka, kulikuwa na shinikizo lililonaswa, na mpira huo ndio wa kushukiwa kwanza. Lisipoachia, kilichokwama ni chuma, yaani pistoni au pini.

Kuhusu upande mmoja: pedi mpya na pedi kuukuu hazishiki kwa nguvu sawa. Utakapokanyaga kwa ghafla usukani utavutwa upande mmoja, na utavutwa wakati ambao hutaki kabisa uvutwe. Pikapu tupu ya tani 2 ikisimama kutoka kilomita 80 kwa saa inageuza kuwa joto nguvu inayotosha kuchemsha kama lita moja na nusu ya maji ya kawaida. Weka tani moja ya mzigo, inakuwa zaidi ya lita mbili. Joto hilo lote linapita kwenye diski na pedi kwa sekunde chache, na sehemu kubwa zaidi inabebwa na breki za mbele kwa sababu gari likisimama uzito wake unakuja mbele. Kwa hiyo nunua seti ya magurudumu yote mawili ya mbele, pedi nne.

Dukani usiangalie boksi tu. Chukua pedi moja ya zamani uilinganishe na mpya: umbo la bamba, masikio, kibati cha kupiga kelele. Pembeni mwa pedi au mgongoni mara nyingi utakuta herufi mbili pamoja, kama FF au GG. Zinaeleza ukali wa mshiko, ya kwanza ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi yenye F ya kwanza na E ya pili inapungua nguvu ikipata joto, na kwa gari la mzigo mimi siichukui. Alama ya E ndani ya duara ikiwa na maandishi 90R maana yake pedi hiyo ilipimwa kwa kanuni ya Ulaya ya pedi za kubadilishia. Kwa pikapu inayobeba, nachagua pedi zenye chembechembe za chuma. Zinavumilia joto, ingawa zinalika diski haraka kidogo na zina kelele zaidi asubuhi. Za kauri ni kimya na hazichafui rimu, zinafaa zaidi gari linalotembea jepesi. Hakikisha seti inakuja na klipu zake mpya za braketi, na kama haina, zinunue peke yake. Nunua pia seti ya pini na vimpira vyake. Katika hali yako usifikirie mara mbili.

Vifaa: jeki nzuri, stendi mbili za jeki, wilspana, racheti na soketi, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), burashi ya waya, klampu yenye umbo la C, dawa ya kusafishia breki, grisi ya silikoni ya breki, waya mnene kipande, mafuta ya breki kopo jipya ambalo halijafunguliwa. Mafuta yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo chake ndani ya boneti, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo.

Nitasimama hapa kwenye kuinua gari, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Shusha mzigo wote. Egesha kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Udongo, hata ukiwa mkavu, unazama. Vuta breki ya mkono, weka gia, pachika kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Legeza nati za tairi robo mzunguko gari likiwa bado chini, usije ukalitikisa likiwa juu. Inua kwa jeki mahali palipoonyeshwa kwenye kitabu cha gari, kisha weka stendi chini ya chesisi na ulishushe gari mpaka uzito ukae kwenye stendi zenyewe. Lisukume kwa mkono. Likitikisika, anza upya. Matofali hapana: tofali linabeba uzito vizuri mpaka dakika linapopasuka, na halitoi taarifa. Tairi ulilolitoa lilaze chini ya ubavu wa gari. Likitokea la kutokea, litapata pa kuegemea kabla ya kufika kwako.

Fungua upande mmoja kwanza. Upande wa pili uache mzima uwe mfano wako, ukisahau kipande kilikaaje unakwenda kutazama. Piga na picha. Geuza usukani ili kalipa itokeze nje, ufikie boli zake kwa nyuma. Boli mbili ndogo zinashika kalipa kwenye pini, mbili kubwa zaidi zinashika braketi kwenye gari. Kubadilisha pedi tupu kunahitaji zile ndogo tu, lakini wewe fungua zote, maana diski itatoka na braketi inahitaji kusafishwa. Kalipa ikishaachia, ifunge kwa waya kwenye springi au mkono wa juu. Usiiache ining'inie kwenye mpira wa mafuta hata kwa dakika moja. Mpira unachanika kwa ndani, na matokeo yake ni ule ugonjwa wa kutorudisha mafuta niliokueleza. Mtu yeyote asikanyage breki kalipa ikiwa nje. Mwambie kila aliyepo nyumbani, watoto zaidi.

Vumbi jeusi utakalolikuta lisipulizwe, si kwa mdomo wala kwa kompresa. Baadhi ya pedi za miaka ya nyuma ziliwekwa asibesto, na huwezi kuijua kwa macho. Lowesha kwa dawa ya kusafishia breki, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa.

Sasa pini. Hapa tumia muda wako mwingi kuliko mahali pengine popote. Vuta moja moja. Pini nzima inatoka kwa vidole, laini, yenye grisi. Yako mojawapo pengine itagoma. Izungushe kwa spana kushoto na kulia huku ukiivuta, usiipige kwa nyundo moja kwa moja. Ikitoka na madoa ya kutu au imechubuka, usiisugue kwa msasa ukairudisha. Kutu ikishakula uso wa pini itarudi. Weka mpya. Safisha tundu lake mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kabla hujazichanganya, tazama kama pini mbili zinafanana. Kwenye kalipa nyingi moja ina kimpira kwenye ncha au imekatwa bapa pembeni, na kila moja ina tundu lake, la juu au la chini. Zikibadilishana nafasi zinabana. Nimewahi kuletewa gari lililotengenezwa mara mbili kwa mwaka mmoja kwa tatizo kama lako, pini mpya, pedi mpya, kila kitu kipya. Pini zilikuwa zimebadilishana matundu.

Pini ipakwe grisi ya silikoni ya breki, ile iliyoandikwa kwamba inafaa kwa mpira. Grisi ya beringi imetengenezwa kwa mafuta ya petroli, inavimbisha vimpira na pini inanasa upya. Paka kiasi cha kufunika uso wote, basi. Ukiijaza kwenye tundu, hewa inakosa pa kutokea na pini inarudi nje yenyewe kama springi. Ukishaipachika, isogeze ndani na nje kwa kidole. Inapaswa kwenda bila ubishi, na kimpira kikae kwenye mfereji wake pande zote mbili.

Diski. Kwa mkwaruzo wa siku tatu sitegemei kwamba yako imesalimika. Pitisha ukucha juu yake, hasa uso wa ndani usioonekana kwa nje. Mistari myembamba inayohisiwa kidogo ni ya kawaida, lakini ukucha ukinasa kwenye mfereji, diski haifai kupewa pedi mpya. Diski nyingi zimeandikwa unene wake wa chini kabisa, kwa kawaida kwenye kikombe cha katikati au ukingoni, kwa maneno MIN TH na namba ya milimita. Pima kwa maikromita sehemu kadhaa, mbali na ule ukingo uliobaki juu, kwa sababu ukingo haulikwi na pedi na utakudanganya. Ikiwa chini ya namba hiyo, au ikifika hapo baada ya kuchongwa, inatoka. Diski nazo zinabadilishwa mbili. Wengi wanasema diski imepinda pale usukani unapotetemeka wakati wa kufunga breki. Mara nyingi haijapinda. Unene wake hauko sawa mzunguko mzima, au kutu iliachwa kati ya diski na kitovu cha gurudumu ikaikalisha upande. Kwa hiyo kabla ya kuweka diski mpya sugua kitovu kwa burashi ya waya mpaka chuma kiwe safi, na uioshe diski kwa dawa ya breki kuondoa mafuta ya kuzuia kutu yaliyopakwa kiwandani. Ikigoma kutoka ile ya zamani, tazama kama ina matundu mawili yenye nyuzi. Ukikaza boli humo, inajisukuma nje yenyewe.

Braketi isugue pale klipu zinapokaa. Kutu chini ya klipu inaiinua, nafasi inapungua, pedi inabana. Pedi mpya ipachikwe na kusogea kwa vidole viwili. Ikihitaji nyundo, kuna kutu hujaitoa au pedi si yenyewe.

Kurudisha pistoni ndani kunataka utulivu. Fungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki na utazame kiwango chake, kwa sababu mafuta yote unayosukuma yanarudi huko. Aliyeongeza mafuta wakati pedi zimelika atamwagikiwa, na mafuta ya breki yanakula rangi ya gari. Yakidondoka, osha kwa maji mengi papo hapo. Chukua pedi ya zamani uiweke juu ya pistoni, kaza klampu polepole. Kama zipo mbili, zisukume kwa pamoja ukitumia pedi hiyohiyo, vinginevyo ukiingiza moja nyingine inatoka. Pistoni nzima inaingia kwa nguvu ya kawaida ya mkono. Ukilazimika kuning'inia kwenye klampu, au ukaona kimpira cha pistoni kimechanika na chini yake kuna unyevu au kutu, kalipa inahitaji kufunguliwa na kuwekewa mipira mipya, au kubadilishwa. Kwa mara ya kwanza hilo mwachie fundi.

Mimi binafsi huwa nafungua nipeli kidogo, nikiwa nimepachika kijibomba cha plastiki kilichozama kwenye chupa yenye mafuta ya breki, kisha nasukuma pistoni na kukaza nipeli kabla sijaachia klampu. Mafuta yaliyokaa kwenye kalipa ndiyo machafu kuliko yote na sipendi kuyarudisha kwenye masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, na kwenye mitambo ya ABS inayozuia magurudumu yasijifunge. Mafundi wengine wazuri hawafanyi hivyo na magari yao yanatembea. Kwa mtu anayeanza, njia ya kufungua kifuniko tu ina hatari ndogo ya kuingiza hewa.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la upepo. Ukibadilisha pedi bila kufungua nipeli wala bomba lolote, hakuna hewa iliyoingia, hivyo si lazima kutoa upepo. Lakini umri wa mafuta ni jambo jingine. Yananyonya unyevu wa hewani siku hadi siku. DOT 3 mpya inachemka si chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, ikishanyonya maji inashuka mpaka karibu 140. DOT 4 ni 230 na 155. Kwenye mteremko mrefu ukiwa na mzigo, kalipa inaweza kufikia joto la kuyachemsha mafuta yaliyozeeka, yanakuwa mvuke, na mvuke unabanwa kama hewa. Pedali inazama bila kitu chochote kuvunjika. Kama hukumbuki yalibadilishwa lini, na ratiba nyingi zinasema kila miaka miwili, yabadilishe yote kwenye kazi hii hii.

Kurudisha vipande: braketi, klipu, pedi, kalipa. Pedi yenye kibati cha kelele kwa kawaida ni ya ndani, lakini fuata picha uliyopiga. Uso wa msuguano utazame diski. Hilo linaonekana halihitaji kusemwa, ila nimeshaona kwa macho yangu pedi iliyogeuzwa, bamba likiwa upande wa diski. Grisi kidogo sana kwenye masikio ya pedi na mgongoni pale pistoni inapogusa, isifike kwenye uso wa msuguano wala kwenye diski. Ukigusa uso huo kwa mkono wenye mafuta, ufute kwa dawa ya breki. Kabla ya kukaza tazama mpira wa mafuta usiwe umejisokota. Boli zikazwe kwa spana ya toki kwa namba za kitabu cha gari lako. Zile ndogo za pini mara nyingi ziko kati ya Nm (kipimo cha toki) 25 na 40, za braketi kwa pikapu nyingi zinavuka 100. Tofauti hiyo ni kubwa, mkono peke yake hauwezi. Nati za tairi kazia kwa msalaba, na mara ya mwisho gari likiwa chini.

Msomaji mwingine anayesoma hapa na kukuta kalipa yake ina pistoni pande zote mbili, kama Hilux nyingi zinazovutwa na magurudumu yote manne, ajue haina pini za kuteleza. Pedi zinatoka kwa kuvuta vijiti viwili na springi zake, kalipa ikibaki mahali pake. Akisukuma pistoni moja, za upande wa pili zinataka kutoka. Abadilishe pedi moja kwanza, ile nyingine ikiwa bado imekaa kuzizuia.

Kabla hujawasha gari kwenda popote, kaa kwenye kiti ukanyage breki taratibu mara nyingi mpaka pedali iwe ngumu. Mikanyago ya mwanzo itazama hadi sakafuni kwa sababu pistoni ziko mbali na pedi. Anayesahau hili anagundua akiwa ameshaweka gia ya nyuma. Kisha ongeza mafuta hadi kwenye mstari wa MAX, funga kifuniko, tazama kila mahali ulipofungua kama kuna unyevu. Sogea mita chache, simama. Tena.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeana na diski. Tafuta barabara tupu, fika kilomita 60 kwa saa, punguza kwa mkanyago wa wastani hadi 15 bila kusimama kabisa, ongeza mwendo tena, acha zipoe nusu dakika. Fanya hivyo mara nane au kumi, halafu endesha dakika kadhaa bila kugusa breki. Usisimame ukaishikilia pedali wakati diski ni moto, pedi itaacha alama mahali pamoja na utetemeshi utaanzia hapo. Kilomita 300 za mwanzo usibebe mzigo mzito.

Ukirudi nyumbani weka mkono karibu na rimu ya kushoto na ya kulia, bila kugusa. Joto lilingane. Moja ikiwa kali zaidi, bado kuna kilichokwama, rudi kwenye pini.

Jambo moja hukuuliza, lakini kwa pikapu siwezi kuliacha: dramu za nyuma. Breki shuu za nyuma zina kirekebishaji kinachozisogeza zenyewe kadiri zinavyolika. Kikishika kutu, zinabaki mbali na dramu, pedali inakuwa ndefu, na breki za mbele zinabeba kazi yote. Pikapu nyingi zina pia vali ya nyuma yenye mkono uliofungwa kwenye ekseli, inayopima jinsi gari lilivyokalia springi na kuongeza nguvu ya breki za nyuma mzigo unapoongezeka. Mkono huo ukikatika, au gari likiinuliwa nyuma bila kuurekebisha, vali inaamini gari ni tupu siku zote. Kwa hiyo wikiendi nyingine toa dramu, pima shuu, zungusha kirekebishaji uone kama kiko huru, na ufuatilie ule mkono kwa macho mpaka mwisho wake.

Pita kwa fundi bila kusita ukikuta mafuta yanavuja, pistoni haiingii, nyuzi za boli zimeharibika, au pedali bado ni laini baada ya kila kitu. Gari lipelekwe kwa kuvutwa.

Baada ya kilomita 100 kaza tena nati za tairi kwa toki. Baada ya 1,000 inua mbele, toa tairi ya kushoto, chukua tochi na utazame pedi ya ndani kwa kupitia juu ya kalipa. Linganisha unene wake na wa ile ya nje. Zikiwa sawa, pini zako zinateleza.